Doppler, mwana wa mwashi aliyepima kasi kwa sikio

Simama kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi, pale ambapo matatu hazina haja ya kupunguza mwendo, ungojee moja ipite huku dereva amekandamiza honi. Inapokuja, sauti ni nyembamba. Ikishakupita tu, inakuwa nene ghafla. Dereva hakugusa kitu, honi ni ile ile, na abiria waliomo ndani hawakusikia badiliko lolote. Kila mtoto anayecheza na gari la kopo anajua kuiiga sauti hiyo kwa mdomo wake.

Wanaojua kwamba ndani ya badiliko lile mna kasi ya gari, tena kasi kamili ya kuhesabika, ni wachache. Wanaolitumia sana jambo hili kwa mchezo ni wale wanaorusha ndege ndogo za rimoti, ndege zenye rafadha na injini ya betri au ya mafuta. Kila mmoja hudai ya kwake ndiyo yenye mbio zaidi, na ndege yenyewe haina mshale wa mwendo. Basi dawa wameipata katika simu ya mkononi. Simu huwekwa chini kwenye nyasi, ikirekodi sauti. Ndege hupitishwa juu yake, mwendo ulionyooka, mwenye rimoti asiongeze wala asipunguze moto. Kisha programu ndani ya simu huisikiliza ile sauti na kuhesabu mitetemo: mingapi kwa sekunde ndege ilipokuwa bado mbali inakuja, na mingapi ilipokuwa imeshapita inakwenda zake.

Hesabu yake haimshindi mtoto wa darasa la nane. Tuseme ndege ikija simu ilihesabu mitetemo 440 kwa sekunde, na ikiondoka ikahesabu 360. Ukitoa unapata 80, ukijumlisha unapata 800. Themanini katika mia nane ni moja ya kumi, kwa hivyo ndege ilikuwa ikienda kwa moja ya kumi ya kasi ya sauti. Katika joto letu la nyuzi 30, sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde. Ndege ile basi ilipita kwa mita 35 kwa sekunde hivi, ambazo ni kilomita 125 kwa saa na ushei. Uzuri wa njia hii ni kwamba huna haja ya kujua rafadha ingelia vipi lau ndege ingekuwa imesimama. Kukiwa na upepo, mrushaji huipitisha ndege mara mbili, mara moja upepo ukiwa nyuma yake na mara moja ukiwa usoni, kisha akachukua wastani.

Aliyeitoa kanuni hii hakuwahi kuona ndege, wala simu, na alipoitamka mwaka 1842 hata gari la moshi lilikuwa jambo geni katika nchi nyingi. Jina lake ni Christian Doppler. Jina hilo mama wajawazito wengi wa mji huu wamelisikia bila kujua ni jina la mtu, maana kile kifaa cha kusikilizishia moyo wa mtoto tumboni huitwa doppler. Maisha yake yanastahili kusimuliwa hapa kwetu, kwa sababu mengi aliyopitia yanafanana na ya vijana wetu wenye vyeti mkononi.

Alizaliwa Salzburg, nchini Austria, tarehe 29 Novemba 1803. Ukoo wao ulikuwa wa waashi wa mawe tangu karne ya 17, na kazi yao ilikuwa na jina katika mji. Katika nyumba ya mwashi mtoto wa kiume hakuulizwa atakuwa nani. Lakini Christian alizaliwa dhaifu, mwili wake haukuweza nyundo na tindo, na vumbi la mawe si kitu cha kifua kama chake. Baba akaona bora asome ili angalau aje kushika vitabu vya hesabu vya biashara. Baba alikwenda kuomba ushauri kwa mwalimu mmoja wa hisabati pale mjini, Simon Stampfer. Stampfer alimpima kijana, akaona kwamba hiki si kichwa cha ukarani. Alishauri apelekwe Vienna, kwenye Chuo cha Ufundi kilichokuwa bado kipya.

Akaenda mwaka 1822. Alifanya vyema katika hisabati, ila masomo mengine aliyaona yamemfinya, akarudi Salzburg kumaliza elimu ya sekondari huku akifundisha wanafunzi wa nyumbani ili apate ridhiki. Mwaka 1829 alirudi Vienna akawa msaidizi wa profesa wa hisabati. Ilikuwa kazi ya mkataba wa muda, na ulipokwisha mwaka 1833 alijikuta nje, umri wake umekaribia miaka 30, ana maandiko kadhaa yaliyochapishwa na hana ajira.

Hapa ndipo msomaji wa Pwani atakapomtambua. Nafasi za kufundisha katika dola ya Austria zilishindaniwa kwa mitihani, mwombaji aliandika na kuhojiwa, kisha akakaa kungoja, na kungoja kwenyewe kukiwa kwa miezi na miezi. Doppler aliomba huku na kule. Wakati akingoja alifanya kazi ya ukarani wa hesabu katika kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba, kwa mwaka mmoja na nusu. Yaani ile kazi ambayo baba yake alimtakia tangu mwanzo, na ambayo Stampfer alisema haimfai, ndiyo iliyomlisha. Sisi tulioishia diploma tunajua namna mtu anavyoketi mbele ya daftari la mwenyewe tajiri huku kichwa kiko kwingine.

Mwaka 1835 subira ilimwishia. Aliamua kuhamia Marekani. Aliuza vitu vyake, akafunga safari hadi Munich kuonana na balozi mdogo wa Marekani kupanga habari za kuondoka. Vijana wetu wanaouza simu na pikipiki ili wapate nauli ya kwenda Ghuba hawakuanzisha wao desturi hii. Kwake yeye ilitokea kwamba kabla hajavuka bahari iliwasili habari ya kazi: shule ya ufundi ya Prague ilimtaka awe mwalimu wa hisabati. Akabaki. Lau barua ile ingechelewa kidogo, huenda tungekuwa na kanuni hii kwa jina jingine, au ingemfikia mwanadamu baadaye sana.

Mwaka uliofuata alimwoa Mathilde Sturm, binti wa sonara wa Salzburg, wakajaaliwa watoto watano. Mwaka 1841 alithibitishwa kuwa profesa katika Chuo cha Ufundi cha Prague. Hapo ndipo angepumzika, lakini kazi yenyewe ilikuwa ya kuvunja mgongo. Ilimlazimu kuwatahini mamia ya wanafunzi, wengi wao kwa mdomo, mmoja baada ya mwingine, katika vyumba vilivyojaa watu, naye ana kifua kibovu. Mwaka 1844 wanafunzi walimshitaki kwamba mitihani yake ni migumu kupita kiasi, na wakubwa wakamkaripia. Afya yake ilikuwa inakwenda chini.

Katikati ya taabu hiyo ndipo alipotoa lile lililobakiza jina lake. Tarehe 25 Mei 1842, katika mkutano wa Chama cha Kifalme cha Sayansi cha Bohemia, alisoma makala kuhusu mwanga wa rangi wa nyota pacha, na wasikilizaji walikuwa wachache mno.

Mfano wake mmoja ni wa majini, ingawa kwao hakuna bahari, na kwetu sisi hauhitaji ufafanuzi. Chombo kikitia nanga, mawimbi hukipiga kwa mpangilio wake. Kikienda kuyakabili mawimbi, kitapigwa mara nyingi zaidi kwa muda ule ule. Kikikimbia mbele ya mawimbi, kitapigwa mara chache. Mawimbi ni yale yale. Nahodha yeyote wa jahazi aliyewahi kupanda na kushuka na pepo za msimu anajua hayo kwa miguu yake. Doppler alisema ikiwa sauti ni mawimbi na mwanga ni mawimbi, basi na sikio na jicho vitapatwa na hali ile ile, awe anayekwenda ni mtoaji wa mawimbi au mpokeaji. Sauti ikikujia mbio itakuwa nyembamba zaidi, na mwanga ukikujia mbio utaelekea upande wa buluu. Vikikukimbia, sauti itanenepa na mwanga utaelekea upande wa nyekundu. Akaweka fomula fupi, ya mistari michache.

Ajabu yangu ni kwamba hakuwa ameisikia. Kabla ya reli, chenye mbio kuliko vyote nchi kavu kilikuwa farasi, na farasi hapigi sauti moja isiyobadilika. Gari likienda kilomita 70 kwa saa, sauti yake inayokujia hupanda hatua moja tu ya kinanda, kutoka kibonye hadi jirani yake. Wazee wetu wote walioishi kabla ya injini hawakuwa na nafasi ya kulisikia jambo hili sawasawa, hata wale wenye masikio ya kupambanua nyuzi za udi. Doppler alilifikia kwa akili, akiwa na karatasi.

Lakini alikosea pia, na si vyema tumpake rangi ya ukamilifu. Yeye alidhani rangi za nyota, hii nyekundu na ile ya buluu, zinatokana na mwendo wake. Haziko hivyo. Rangi ya nyota yatokana na joto lake. Nyota huenda kwa makumi ya kilomita kwa sekunde, nao mwanga huenda karibu kilomita 300,000, kwa hivyo badiliko ni dogo mno kwa jicho. Na hata lau lingekuwa kubwa, nyota hutoa pia mwanga tusiouona, chini ya nyekundu na juu ya zambarau, jambo lililokwisha gunduliwa mwaka 1800 na 1801. Rangi moja ikisogea na kutoka upande mmoja, ile isiyoonekana huingia upande wa pili kujaza pengo lake. Kanuni ilikuwa sahihi, na mfano mkuu aliouchagua kuithibitisha ulikuwa batili. Hilo liliwapa wapinzani wake fimbo.

Wa kwanza kuijaribu alikuwa kijana Mholanzi, Christophorus Buys Ballot, aliyekuwa hajatimiza miaka 30. Yeye hakuiamini habari ya rangi za nyota, akaona bora aanze na sauti. Alipata ruhusa ya kutumia gari la moshi katika reli ya Utrecht kwenda Maarssen. Februari 1845 alijaribu, baridi na theluji vikamshinda. Juni akarudia. Aliwapakia wapiga tarumbeta juu ya behewa, na kando ya reli akawapanga wanamuziki wenye masikio yaliyozoea noti. Gari likapita huku na huku, tarumbeta zikipigwa noti moja, na wale wa kando wakiandika wamesikia nini. Kisha wakabadilishana, tarumbeta zikapigwa chini na masikio yakawa juu ya gari. Nawaza tu makelele ya injini ile, na wapita njia walivyodhani kuna harusi. Matokeo yalikubaliana na fomula ya Doppler. Ile kazi iliyofanywa na wanamuziki wale kando ya reli ndiyo inayofanywa leo na simu iliyolazwa kwenye nyasi.

Buys Ballot alichapisha kwamba katika sauti Doppler amepatia, ila katika rangi za nyota hakubali. Alisema kweli mara zote mbili. Mwaka 1848 Mfaransa Hippolyte Fizeau, bila kuijua kazi ya Doppler, alionyesha njia iliyo sawa kwa mwanga: usitazame rangi ya nyota nzima, tazama mistari myembamba inayoonekana mwanga wake ukichambuliwa, uone imesogea kiasi gani. Ndiyo maana Wafaransa huambatanisha majina yote mawili.

Doppler mwenyewe alikuwa ameshaondoka Prague. Mwaka 1847 alihamia Schemnitz, mji wa migodi ulioko Slovakia ya leo, kufundisha katika Chuo cha Migodi. Mwaka 1848 mapinduzi yakazuka katika dola yote na pale hapakukalika tena. Mwaka huo huo alipewa uanachama wa Baraza la Sayansi la Dola huko Vienna, na Chuo Kikuu cha Prague kikampa shahada ya heshima. Mwaka 1849 alirudi Vienna, akashika kiti kilichoachwa na mwalimu wake yule yule, Stampfer. Januari 1850 akateuliwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Vienna. Mtoto wa mwashi, karani wa kiwanda cha nyuzi, alikuwa amefika kileleni. Mwanafunzi wake mmoja mwaka 1851 alikuwa mtawa aitwaye Gregor Mendel, yule aliyekuja kuhesabu mimea ya njegere na kufichua namna mtoto anavyorithi sura ya wazazi.

Hakuachwa akakaa kwa raha. Mwaka 1852 alisimama dhidi yake Joseph Petzval, profesa wa hisabati katika chuo kile kile, mtu mwenye jina kubwa kwa kubuni lenzi ya kamera iliyorahisisha kupiga picha za watu. Petzval aliishambulia kanuni ya Doppler hadharani mbele ya Baraza la Sayansi, na akarudia tena mwaka huo huo. Hoja yake ilikuwa na mashiko. Aliithibitisha kwa hisabati nzito kwamba mtoaji wa sauti akiwa amesimama, na msikilizaji amesimama, hata hewa baina yao ikienda mbio, mitetemo ifikayo sikioni haibadiliki idadi. Na ni kweli. Kusi ikivuma, adhana ya msikiti wa mtaa wa pili hukufikia kwa nguvu au kwa udhaifu kulingana na upande wa upepo, lakini sauti ya muadhini haigeuki kuwa nyembamba wala nene. Kosa la Petzval lilikuwa kudhani kwamba amemjibu Doppler. Doppler hakusema habari ya upepo, alisema habari ya mtu anayekwenda. Zaidi ya hayo Petzval alidharau udogo wa ile fomula, akiona kwamba elimu kubwa haiwezi kutoka katika mistari michache isiyo na milinganyo mizito. Sina subira na dharau ya namna hiyo, na nimeiona hata katika vikao vyetu: neno la mtu linapimwa kwa urefu wa kilemba chake.

Doppler alijitetea akiwa mgonjwa. Kifua kilikuwa kimeharibika. Wasomi waliohudhuria wengi walimwelemea Petzval, maana ndiye aliyekuwa na hisabati ya kutisha. Novemba 1852 Doppler alisafiri kwenda Venice, akitumaini hewa ya bahari na majira yasiyo ya baridi kali yatampa nafuu. Hayakumpa. Mathilde alimfuata huko, na tarehe 17 Machi 1853 alifariki, umri wake miaka 49. Alizikwa katika kisiwa cha makaburi cha San Michele, ambako maiti hupelekwa kwa mashua. Alikufa mabishano yakiwa bado hayajaisha.

Yaliisha mwaka 1860. Kijana mmoja wa Vienna, Ernst Mach, alitengeneza mtambo mdogo: bomba linalozungushwa, na mwisho wake kuna filimbi inayopulizwa. Ukisimama mahali ambapo filimbi inakujia na kukukimbia, unasikia sauti ikipanda na kushuka. Ukisimama kwenye mstari wa mhimili, ambako haikujii wala haikukimbii, sauti imetulia. Akaeleza kwamba Petzval na Doppler walikuwa wakizungumza mambo mawili mbalimbali. Mwaka 1868 William Huggins wa London aliielekeza darubini yake kwenye nyota ya Sirius akatafuta msogeo wa mstari kwa njia ya Fizeau. Kazi ilikuwa ngumu mno kwa jicho, na hesabu zake hazikuwa nzuri sana, lakini mlango ulifunguka.

Aliyeuingia barabara alikuwa Mjerumani Hermann Carl Vogel, huko Potsdam, ambaye badala ya kutegemea jicho alitumia picha za kamera. Ipo nyota ambayo kila siku tatu kasoro hufifia kisha ikarudi. Waarabu waliiita Ra's al-Ghul, kichwa cha zimwi, na Wazungu wakalichukua jina hilo hilo wakaliita Algol. Mwaka 1889 Vogel alionyesha kwamba mistari ya mwanga wake husogea upande mmoja na kurudi upande wa pili kwa mpangilio ule ule wa kufifia kwake, kwa hivyo kuna mwenzake wa giza anayezunguka nayo na kuikinga. Nyota pacha, zile zile zilizotajwa katika kichwa cha makala ya Doppler ya mwaka 1842, zilikuwa zimepimwa kwa kanuni yake. Petzval alikuwa bado hai, mzee wa miaka 82, akiishi Vienna.